Orodha Ikibadilika, Nani Aambiwe?

Ofisi ya majalada haikuwa na swali la arifa. Karani wa masjala alipokea barua, akaipa namba ya folio, akaipachika kwenye jalada, akaandika katika daftari jalada limekwenda kwa nani, na mhudumu akalibeba. Lilipotua mezani, mambo matatu yalitokea kwa mpigo mmoja: mhusika alijua kuna kazi, kazi yenyewe ilikuwa mbele ya macho yake, na masjala ilijua sasa iko kwake. Kasoro za utaratibu ule zinafahamika. Jalada liliweza kulala kwenye droo mpaka mwenye droo arudi likizo, na liliweza kupotea kwa sababu ambazo hakuna aliyetaka kuziandika. Lakini halikuwahi kuwa mezani kwa watu wanane kwa pamoja huku kila mmoja akiamini ni la mwenzake.

Orodha ya kwenye kompyuta imeyatenganisha mambo hayo matatu. Mstari wa orodha haubebwi kokote. Unakaa palepale, unaonekana na wote wenye ruhusa, na ukibadilika haumgusi mtu begani. Ndiyo maana arifa ilibidi itengenezwe kama kitu cha pembeni: orodha ikibadilika, barua pepe itoke, au mlolongo wa kazi uanze wenyewe. Na tangu hapo ofisi nyingi zimejikuta ama na arifa tele zisizosomwa, ama na ukimya pale ilipotakiwa sauti.

Tatizo la arifa hizi ni nadra kuwa la kutuma. Kutuma ni kazi ya robo saa kwa mtu anayejua wapi pa kubofya. Ugumu ni kwamba mfumo unajua jambo moja tu, kwamba mstari umehifadhiwa, ilhali watu wanataka kuambiwa jambo jingine, kwamba kazi imehama mikono. Pengo la kati ya hayo mawili lisipojazwa kwa makusudi na anayejenga mfumo, litajazwa na barua pepe.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni SharePoint ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2001, pamoja na sura yake nyepesi ya Microsoft Lists iliyotangazwa 2020. Nauchagua kwa sababu uko kila mahali bila kelele: shirika, chuo au benki ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala inayolipia Microsoft 365 kwa ajili ya Outlook na Word kwa kawaida imeshapata na orodha hizi ndani ya malipo yaleyale, hata kama hakuna aliyewahi kuzifungua. Chombo cha kuzifanyia otomatiki kinaitwa Power Automate. Kilizaliwa 2016 kwa jina la Flow na kubadilishwa jina 2019. Kazi kinayoiunda, hatua kwa hatua, nitaiita mtiririko.

Sasa tuseme kuna orodha ya maombi ya masurufu. Safu zake ni za kawaida: mwombaji, safari, kiasi, namba ya simu ya kulipia, na safu ya Hali yenye maneno Rasimu, Imewasilishwa, Imeidhinishwa, Imelipwa, Imerejeshwa. Mtu anajenga mtiririko wa kwanza unaomjia akilini: kitu kikiongezwa au kikibadilishwa, mpelekee mhasibu barua pepe. Siku ya kwanza kila mtu anapongeza. Siku ya tatu mwombaji anasahihisha tahajia ya jina la wilaya, mhasibu anapata barua pepe. Anaongeza maelezo ya hoteli, barua pepe. Mkuu wa idara anafungua fomu, anasoma, anabofya kuhifadhi bila kubadili kitu, barua pepe tena. Kila kuhifadhi ni tukio, na mtiririko hauna namna ya kujua kwamba tahajia na idhini si vitu vya uzito mmoja.

Wanaoshughulika na hifadhidata walilijua hili zamani. Vichochezi vya hifadhidata, ambavyo viliingia katika viwango rasmi vya SQL mwaka 1999, vimejengwa kwa sehemu tatu: tukio, sharti na tendo. Tukio ni mstari kubadilika. Tendo ni barua pepe. Sharti ndilo linalosema badiliko lipi lina maana, na katika ofisi nyingi ndilo linaloachwa tupu, kwa sababu chombo hakilidai. Mtiririko usio na sharti unafanya kazi tangu dakika ya kwanza, nao unaonekana kuwa mzima.

Basi mtu anaweka sharti: tuma pale tu Hali inapokuwa Imeidhinishwa. Hapo kelele inapungua, lakini kosa dogo linabaki, na ni kosa linalowapata hata wajenzi wazoefu. Ombi likishaidhinishwa, Hali yake itaendelea kusomeka Imeidhinishwa mpaka lilipwe. Mwombaji akisahihisha namba ya simu kesho yake, mstari umehifadhiwa, Hali bado ni Imeidhinishwa, sharti limetimia, na mhasibu anaambiwa kwa mara ya pili kwamba ombi limeidhinishwa. Mhasibu makini atauliza. Mhasibu mwenye foleni atalipa mara mbili. Kuwa katika hali fulani na kuingia katika hali hiyo ni mambo mawili tofauti, na mtiririko umeulizwa la kwanza wakati ofisi ilitaka la pili.

Ili kujua kwamba kitu kimeingia katika hali mpya lazima ujue kilikuwa wapi kabla. Kichochezi cha hifadhidata hupewa mstari wa zamani na mstari mpya, kikalinganisha. Mtiririko wa Power Automate hupewa mstari ulivyo sasa, basi. Microsoft wameweka hatua ya ziada inayoweza kusema safu zipi zimebadilika, lakini inategemea historia ya matoleo iwe imewashwa kwenye orodha, na haisemi thamani ya zamani ilikuwa nini. Inasema tu safu hii imeguswa, ile haikuguswa.

Njia ninayoipendelea haina ufundi wowote wa kujivunia. Unaongeza safu moja iliyofichwa kwenye fomu, uiite Hali Iliyotangazwa. Mtiririko unalinganisha safu mbili: Hali na Hali Iliyotangazwa. Zikiwa sawa, hakuna habari mpya. Zikitofautiana, tuma barua pepe inayohusika, kisha nakili Hali kwenye Hali Iliyotangazwa. Tahajia ikisahihishwa, hakuna kinachotoka. Namba ya simu ikibadilishwa baada ya idhini, mhasibu hasumbuliwi kwa habari aliyokwisha kupewa. Na kama unataka ajulishwe kuhusu namba ya simu, hilo liwe sharti lake na ujumbe wake. Zaidi ya yote, mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kufungua orodha na kuona kwa macho nani ameambiwa nini, bila kuingia kwenye kumbukumbu za mtiririko ambazo mtumishi wa kawaida hazifikii.

Safu hiyo inatibu na ugonjwa mwingine maarufu, ule wa mtiririko kujichochea. Mtiririko unaoandika chochote kwenye mstari uleule uliouamsha umebadilisha mstari, na kwa hiyo umejiamsha upya. Unaamka, unaandika, unajiamsha, na kufikia asubuhi kikasha cha mkurugenzi kimefurika. Kwa kuwa baada ya kutuma safu mbili zinakuwa sawa, mzunguko wa pili hauna la kufanya. Ila hapa pana jambo la kiufundi lenye uzito: sharti liwekwe kwenye kichochezi chenyewe, katika mipangilio yake, na si ndani ya mtiririko kama hatua ya kwanza. Likiwa ndani, mtiririko unaanza kila mara ndipo ugundue hauna kazi, na kila mwanzo unahesabiwa katika kiwango cha matumizi cha leseni. Likiwa kwenye kichochezi, hauanzi kabisa.

Kuna swali la namna mfumo unavyosikia. Watu hudhani orodha hupaza sauti inapobadilika. Mara nyingi ni kinyume: mtiririko ndio unaokwenda kuuliza, kila baada ya dakika moja au kadhaa kutegemea leseni, kuna jipya? Mabadiliko mawili yakitokea kati ya swali na swali, yanaonekana kama moja, kwa sura ya lile la mwisho. Mkuu wa idara akiidhinisha kwa bahati mbaya na kuondoa idhini sekunde ishirini baadaye, mhasibu anaweza asijue kamwe, na hapo ukimya ni neema. Lakini anayetaka kumbukumbu ya kila hatua kwa ajili ya mkaguzi asiitafute kwenye barua pepe. Iko kwenye historia ya matoleo, na mkaguzi aelekezwe huko.

SharePoint ina njia nyingine ambayo orodha hupiga hodi kwenye anwani ya programu uliyoiandikisha. Na inapiga hodi tu: inasema orodha fulani imebadilika, haisemi mstari upi wala umebadilika vipi, programu lazima irudi kuuliza ni nini kimetokea tangu mara ya mwisho. Uandikishaji wenyewe hauzidi siku 180, baada ya hapo unakufa usipohuishwa. Njia hii ni ya waandika programu, na ofisi isiyo na mwandika programu wa kudumu ikae nayo mbali.

Jambo la uzito zaidi ni kwamba mitiririko hii yote husikia baada ya mstari kuhifadhiwa. Katika SharePoint iliyofungwa kwenye seva za ofisi yenyewe, mwandika programu aliweza kuweka msimbo unaokimbia kabla ya kuhifadhi na kukataa badiliko, au baada ya kuhifadhi na kulitangaza. Mitiririko ya leo inatangaza tu. Hivyo ofisi inayosema kiasi kikizidi kikomo mkurugenzi apate barua pepe, ikidhani imeweka udhibiti, imejiwekea shahidi. Kiasi kimekwisha kuandikwa. Kama kikomo ni kikomo kweli, kiwekwe kwenye kanuni ya uhalali ya orodha, ambayo inakataa fomu kabla haijaingia. Kufuta nako ni hivyohivyo. Mtiririko wa kufutwa unakupa namba ya kitu, aliyekifuta na saa, haukupi yaliyokuwemo. Ofisi yenye akili haifuti maombi ya fedha. Inaongeza neno Imebatilishwa kwenye safu ya Hali na kuondoa ruhusa ya kufuta kwa karibu kila mtu.

Yote hayo yanahusu mabadiliko. Madhara makubwa zaidi ofisini, hata hivyo, yanatokana na kutobadilika, na hapo ndipo mifumo hii yote ni viziwi. Ombi limewasilishwa Jumatatu, mkuu wa idara yuko Dodoma, wiki inapita. Hakuna aliyehifadhi chochote, kwa hiyo hakuna tukio, kwa hiyo hakuna arifa. Mkataba wa kampuni ya ulinzi unaisha tarehe 30. Tarehe 30 inafika, inapita, na mstari wa mkataba haukuguswa na mtu. Kwa orodha, hakuna kilichotokea. Watu hujaribu kukwepa hili kwa safu ya hesabu inayotoa siku zilizobaki kwa kutumia tarehe ya leo. Safu inaonekana nzuri siku inapoundwa, kisha inaganda, kwa kuwa SharePoint huhesabu upya safu ya namna hiyo pale tu kitu kinapohaririwa. Mkataba unaobakiza siku tatu utaendelea kusomeka siku tisini.

Dawa yake ni mtiririko wa ratiba, usiongoja badiliko: kila asubuhi unapita orodha nzima, unachagua yaliyokwama kwa zaidi ya siku kadhaa na yanayokaribia tarehe, na kumpelekea kila mhusika muhtasari mmoja wa yaliyo mikononi mwake. Kama ofisi ingeniuliza ijenge mtiririko upi ikiwa ni mmoja tu, ningeichagulia huu. Arifa za papo kwa papo zinapendeza kwenye onyesho, lakini ukimya ndio unaogharimu fedha, na ni mtiririko wa ratiba tu unaoukamata.

Mtiririko huo una mtego wake wa saa, ambao kwa kanda yetu ni wa hakika kabisa. Ratiba isiyotajiwa ukanda wa saa huhesabiwa kwa saa ya kimataifa ya UTC, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Anayeandika 08:00 akitegemea saa mbili asubuhi atapata muhtasari wake saa tano, watu wakiwa wamekwisha anza siku kwa mambo mengine. Tarehe nazo huhifadhiwa kwa UTC. Usiku wa manane wa tarehe 2 kwa Dar es Salaam ni saa tatu usiku ya tarehe 1 kwa UTC, kwa hiyo mtiririko unaolinganisha tarehe bila kuigeuza unaweza kukosea siku nzima. Na tovuti nyingi za SharePoint huundwa zikiwa kwenye ukanda wa saa wa Pasifiki wa Marekani mpaka msimamizi abadilishe. Haya ni mambo ya kurekebishwa kwa dakika tano, ila hayaonekani mpaka mkataba umekwisha.

Kwenye ukimya huohuo kuna kikomo ambacho wengi hukigundua kwa uchungu. Power Automate ina hatua ya kuomba idhini: mkuu anapata barua pepe yenye vitufe viwili, anabofya, mtiririko unaendelea. Wakati wote huo mtiririko unasubiri, na mtiririko hauwezi kusubiri zaidi ya siku 30. Siku ya 31 unaanguka, ombi linabaki Imewasilishwa, na mkuu akija kubofya kitufe hakuna anayemsikiliza. Kwa ombi la likizo siku 30 zinatosha. Kwa manunuzi yanayopitia bodi ya zabuni hazitoshi. Mlolongo mrefu ukatwe: mtiririko mmoja uombe na ufe, uamuzi uandikwe kwenye safu ya Hali, na kuandikwa huko kuamshe mtiririko mwingine. Kinachosubiri kiwe ni orodha, kwa sababu orodha haichoki.

Tukija kwa wanaoambiwa, kosa kubwa ni ukarimu. Mtu anayejenga mfumo huogopa kumsahau mkubwa, hivyo huwaweka wote. Madhara ya kuwaambia watu kila kitu yamechunguzwa sana hospitalini, ambako vifaa vya kumwangalia mgonjwa hulia mchana na usiku. Mwaka 2013 Joint Commission, chombo kinachothibitisha ubora wa hospitali nchini Marekani, kilitoa tahadhari kuhusu hali hiyo: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilipokea ripoti 98 za matukio yaliyohusu kengele za vifaa, na 80 kati yake yaliishia kwa kifo. Miongoni mwa sababu ilikuwa wauguzi kuzoea sauti, kuipunguza au kuizima, kwa kuwa sehemu kubwa mno ya kengele zile haikudai kitu. Barua pepe ya masurufu haiui mtu. Lakini akili inayojifunza kupuuza ni ileile, na mhasibu aliyetengeneza kanuni ya Outlook ya kutupa arifa zote kwenye folda asiyoifungua amefanya kile hasa alichofanya muuguzi.

Wabunifu wachache wamelifikiria vizuri. Arifa za zamani za SharePoint, zile ambazo mtumiaji alijiwekea mwenyewe, zilikuwa na chaguo la kuambiwa pale tu mtu mwingine anapobadilisha kitu, kwa kuwa hakuna sababu ya mtu kuletewa habari ya tendo lake mwenyewe. Zilimwezesha pia kuchagua papo hapo, kila siku au kila wiki, na kufuata vitu vilivyomo ndani ya mwonekano fulani tu. Programu ya MediaWiki inayoendesha Wikipedia ina adabu nyingine ninayoihusudu: ukifuatilia ukurasa kwa barua pepe, badiliko la kwanza linakuletea ujumbe, halafu inanyamaza hadi utakapokwenda kuutazama ukurasa huo. Hata ukibadilishwa mara arobaini, umekwisha ambiwa. La kufanya ni lako. Mitiririko ya ofisini inaweza kuiga hilo kwa urahisi, lakini ni mara chache kuona uliojengwa hivyo.

Mfano bora wa arifa katika kanda hii haumo ofisini kabisa. Tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom kuifuata Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni ya watu wamezoea ujumbe mfupi unaotoka kwa sababu mstari mmoja wa leja umebadilika. Unakwenda kwa watu wawili tu, yule aliyetoa na yule aliyepokea. Unataja kiasi, jina, saa, salio na namba ya muamala ya kufuatilia likizuka tatizo. Arifa inalingana sawasawa na kitu kilichohama, na sijasikia mtu akilalamika kwamba zinamzidi. Mfano huo una upande wa pili pia, kwa kuwa watu waliuamini ujumbe kuliko leja. Muuza duka anatoa mzigo kwa meseji iliyoandikwa na tapeli ikafanana na ya kweli, na ile meseji ya kitapeli isemayo hela itumwe kwenye namba hii imepita kwenye simu nyingi mno. Ofisi zijifunze na hilo. Barua pepe inayosema ombi limeidhinishwa ni habari, si idhini. Iwe na kiungo cha mstari wenyewe, na mhasibu alipe kwa anachokiona kwenye orodha.

Maneno ya ujumbe yanastahili muda kuliko yanavyopewa. Kichwa cha barua pepe kinachosema kitu kimebadilishwa kwenye orodha ya Masurufu kinamlazimisha mtu kufungua, kuingia, kutafuta na kulinganisha kabla ya kujua kama kinamhusu. Kinachosema masurufu ya safari ya Mtwara yameidhinishwa, yalipwe kabla ya Ijumaa, kimemaliza kazi kwenye skrini ya simu iliyofungwa. Mpokeaji awe mmoja. Wengine wanaotaka kujua wapewe mwonekano wa orodha waufungue wanapotaka.

Na ujumbe usibebe zaidi ya inavyotakiwa. Arifa za zamani ziliheshimu ruhusa: asiye na haki ya kuona kitu hakuletewa. Mtiririko unasoma kwa haki za aliyeujenga, na unaweza kuchukua mshahara, namba ya kitambulisho au sababu ya likizo ya ugonjwa kutoka kwenye orodha iliyofungwa na kuvimwaga kwenye vikasha kumi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa tangu 2019, Tanzania ina yake tangu 2022; barua pepe ya namna hiyo ni utoaji wa taarifa binafsi hata kama hakuna aliyekusudia. Weka kiungo, acha orodha iamue nani aone.

Hilo linatufikisha kwenye swali ambalo viongozi huliuliza wakiwa wamechelewa: mtiririko ni wa nani? Kwa kawaida ni wa mtu. Kijana wa mradi mwenye bidii aliujenga kwa akaunti yake, barua pepe hutoka kwa jina lake, na unaendeshwa kwa kibali chake. Mkataba wake ukiisha, Idara ya TEHAMA inafunga akaunti kama inavyopaswa, na mtiririko unaanza kuanguka. Taarifa ya kuanguka hutumwa kwa mwenye mtiririko, yaani kwenye kikasha kilichofungwa. Baada ya kushindwa mfululizo kwa siku 14 mfumo unauzima. Hakuna mtu ofisini aliyeona kitu, kwa sababu dalili pekee ya arifa iliyokufa ni kutokuja kwake. Akaunti ya huduma isiyo ya mtu, wamiliki wenza wawili, na kikasha cha pamoja cha kutumia kama mtumaji vinaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Lakini vinahitaji mtu wa TEHAMA akubali kuumiliki mtiririko ambao hakuujenga, na hapo mazungumzo huwa marefu.

Vyombo vyenyewe navyo havidumu. Milolongo ya kazi ya kizazi cha SharePoint 2010 ilizimwa kwenye huduma ya mtandaoni mwaka 2020. Ya kizazi cha 2013 iliwekewa mwisho tarehe 2 Aprili 2026. Zile arifa za kujiwekea mwenyewe, ambazo ndizo zilizokuwa na adabu, Microsoft ilitangaza 2025 kwamba inaziondoa, mwisho wake Julai 2026, na watumiaji waelekee kwenye kanuni rahisi za orodha au Power Automate. Ofisi nyingi hulichukulia zoezi la kuhama kama kunakili: kila arifa ya zamani ipate pacha wake mpya. Ni kupoteza nafasi. Arifa ambayo hakuna aliyefanya kitu kwa sababu yake katika miezi sita iliyopita haihitaji pacha, na kuipata si kazi ngumu, kwani wapokeaji wenyewe watakuambia ukiwauliza faraghani.

Liko jambo moja ambalo hakuna chombo kitakacholitatua. Katika ofisi zetu nyingi habari hufika kwa simu na kwa kundi la WhatsApp kabla mstari haujaguswa. Mkuu anaandika kwenye kundi kwamba masurufu ya fulani yalipwe, mhasibu analipa, na orodha inajazwa Ijumaa jioni kwa ajili ya mkaguzi. Arifa zote zinatoka Ijumaa jioni kwa pamoja, kila moja ikitangaza jambo la Jumanne. Mtiririko hauna kosa. Umechochewa na badiliko, na badiliko ndiyo kwanza limeandikwa. Mpangilio huo hugeuka pale tu mhasibu anapopewa haki ya kujibu kwenye kundi kwamba hajaona Imeidhinishwa kwenye orodha, na mkuu akakubali kuingia na kubofya, hata akiwa Dodoma, hata kwa simu yenye mtandao wa kusuasua.